Nukta Iliyotazama Nyuma

Kwanza kabisa, msianike miwani juani. Mtacheka, lakini mimi nilizianika. Ilikuwa wiki yangu ya pili kambini. Mvua ilikuwa imenyesha kutwa, turubai la darasa likavuja, na zile miwani nane za uhalisia pepe, zinazomzungushia mvaaji filamu pande zote, zilizokuja ndani ya sanduku kutoka Dar es Salaam zikaloa unyevu. Nikafanya kile ambacho mtu yeyote aliyekulia Ujiji angekifanya na kitu kibichi. Nikazitandaza juu ya benchi nje, vioo vikitazama juu, nikaenda kunywa chai. Niliporudi, mbili zilikuwa zimeungua. Vioo vile hulikusanya jua na kulichomea kwenye skrini ya ndani, na tangu siku hiyo kila aliyevaa mojawapo ya hizo mbili aliona doa la njano katikati ya kila kitu. Neema, fundi aliyetumwa kunifundisha, binti ambaye angeweza kuwa mwanangu wa tatu, alizichungulia kwa zamu, akaniambia, "Mwalimu, umekaanga macho." Nilikuwa na zaidi ya miaka thelathini kazini, nikazibeba kuzirudisha sandukuni.

Ninyi walimu vijana mnaoanza kazi hii mmenifuata nyumbani mara nyingi mkitaka niwaeleze jinsi ya kufundisha kwa miwani, na mimi nimekuwa nikiwajibu nusunusu. Nusu ya jibu ni mambo ya vioo na betri, nayo nawapa bila choyo. Nusu nyingine ni habari ya mtoto mmoja aliyeitwa Irakoze. Hiyo nimeikwepa kwa sababu inaniuma, na mtu mzima hapendi kulia mbele ya wageni. Kwenye karatasi afadhali.

Nilifundisha Jiografia mjini Kigoma maisha yangu yote ya kazi, isipokuwa miaka minne ya mwisho. Wanafunzi waliniita Bwana Ramani kwa sababu nilikuwa nalichora Ziwa Tanganyika huku nimeupa ubao kisogo, nikiwatazama wao. Yalikuwa majivuno tu, sikatai. Ukichora ziwa lilelile kila mwaka, mkono unazoea.

Kisha nikaazimwa na shirika moja lililokuwa likiendesha shule katika kambi ya wakimbizi wa Burundi. Kambi yenyewe iko bara, mwendo wa saa kadhaa kutoka ziwani, kwenye vilima vya miombo. Wakimbizi hawakuruhusiwa kutoka bila kibali, na vibali vilikuwa adimu. Kwa hiyo nilikuta darasa la watoto waliovuka ziwa au kupita ufukweni mwake wakiwa wadogo mno, wakalisahau, na sasa wanalisoma kitabuni kama wanavyosoma habari za Mto Amazoni. Mtoto mmoja aliwahi kuniuliza kama ziwa lina mlango. Ndiyo maana shirika lilipoleta miwani, mimi niliyezoea chaki nikawa wa kwanza kunyoosha mkono.

Mwenzangu darasani alikuwa Mwalimu Severini, mkimbizi mwenyewe, aliyefundisha miaka mingi upande wa Rumonge, ng'ambo ya Burundi kando ya ziwa hilohilo, kabla ya kukimbia. Mimi nilisema Kiswahili, yeye akaongeza Kirundi pale watoto walipokwama. Siku ya kwanza tulimvisha yeye, tukamwekea filamu ya ufukweni ambayo Neema alikuwa ameipiga Ujiji. Mwalimu Severini aliinama, akavua viatu, akaanza kukunja suruali. Watoto sitini walikuwa wanamtazama mtu mzima akijiandaa kuingia majini katikati ya darasa kavu. Walicheka mpaka wengine wakaanguka kwenye madawati. Alipovua miwani akaviona viatu vyake pembeni, naye akacheka. Halafu akatoka nje, akakaa kwenye jiwe, hakurudi mpaka kengele ilipolia. Nilidhani ameona haya. Ilinichukua muda kujua kwamba haikuwa haya.

Basi yashikeni haya. Mkalisheni mtoto, asisimame, maana akisahau alipo ataanguka. Msimguse kabla hamjasema naye, kwa sababu aliyevaa miwani hakuoni na mkono wako unamjia kama wa jini. Vioo vifutwe kwa kipande cha kanga kuukuu kilichochakaa kikalainika, tena kikavu. Msitumie mate wala ncha ya shati lenye jasho. Dakika kumi zinatosha, baada ya hapo kichefuchefu kinaanza, na kusafisha miwani iliyotapikiwa ni kazi ambayo simwombei mtu. Kama mna miwani nane na watoto sitini, wale hamsini na wawili wapewe kazi ya maana, la sivyo watakuwa wanawatekenya waliovaa. Chajini mchana wakati jua la paneli ni kali. Hayo ndiyo mambo mepesi.

Filamu ya Kibirizi, mwalo wa wavuvi wa pale Kigoma, niliiandaa mimi. Nilitaka watoto waone mwalo unavyofanya kazi, boti zikishusha samaki, wapagazi wakipishana na ndoo vichwani, wanunuzi wakibishana bei. Neema alikuja na kamera yake ya mviringo yenye macho pande zote, inayosimamishwa juu ya fimbo. Kamera hiyo haina mbele wala nyuma, yote inayaona kwa pamoja. Lakini mimi nilikuwa na mbele yangu. Nilivaa shati jeupe lililopigwa pasi, nikasimama mahali nilipopachagua, nikaeleza kwa dakika nne. Nilimwomba hata mwenye boti moja aisogeze kidogo ili rangi yake ipendeze. Kilichokuwa upande wa pili sikukitazama hata mara moja. Huko walikuwapo akina mama wanaanika dagaa mchangani, na kwangu mimi kuanika hakukuwa somo la siku ile.

Sasa kuna kishikwambi cha mwalimu, nacho ni kizuri na ni kibaya. Kinakuonyesha filamu wanayoiona watoto, na juu yake nukta nane ndogo, kila nukta na jina la mwanafunzi. Mtoto akigeuza kichwa, nukta yake inahama. Mwalimu wa zamani amezoea kukisia nani anasinzia na nani anaota. Mpe kitu cha namna hiyo na anageuka mnyapara. Mimi niligeuka mnyapara. Nilitaka nukta zote nane zikae juu ya kidole changu pale ninaponyoosha, na zilipokaa nilijiona mwalimu bora Kigoma nzima.

Irakoze alikuwa na miaka kumi na mmoja, mwembamba, mkimya, aliyeishi kambini na shangazi yake na watoto wa shangazi. Kiswahili chake kilikuwa kizuri, maana kwao ni Rumonge kando ya ziwa ambako watu wanakisema. Katika filamu nyingine zote nukta yake ilitulia mbele pamoja na wenzake. Ikianza filamu ya Kibirizi tu, nukta ilikuwa inazunguka, inakwenda nyuma, inakaa hukohuko.

Nilimwendea, nikamwita jina, nikamshika mabega na kumgeuza. Aligeuka. Nikirudi kwenye kishikwambi nakuta nukta imesharudi nyuma. Nikaenda tena. Wenzake wakaanza kumcheka, kwa sababu mimi nilisema kwa sauti kwamba kuna mtu hapa amekuja Kibirizi kutazama mchanga. Muhula mzima ulikwenda hivyo, na aliomba filamu hiyohiyo kila zamu yake ilipofika, nami nilimpa nikidhani ni mkaidi wa kipekee. Siku moja nilichoka. Nikakishika kichwa chake kwa mikono miwili, taratibu, nikakielekeza mbele, nikakishikilia hapo mpaka filamu ikaisha. Niliihisi shingo yake ikishindana nami. Nimewahi kumchapa mtoto katika miaka ya ujana wangu, na ninajuta, lakini hakuna kitu nilichomfanyia mwanafunzi kinachonirudia kama shingo ile.

Mwalimu Severini aliona. Hakusema mbele ya watoto, yeye hakuwa mtu wa kumvunjia mwenzake heshima. Tulipokuwa tunafungasha akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuangalia huko nyuma kuna nini. Nikamjibu kuna wanawake na dagaa. Akasema basi vaa, ukaangalie hao wanawake na dagaa.

Nikavaa, darasa likiwa tupu. Nikajisikia mwenyewe nikianza kuhubiri habari za mwalo, nikajipa kisogo. Nyuma kulikuwa na mchanga, na dagaa wametandazwa mpaka mbali, na wanawake watano sita wameinama. Mmoja alikuwa karibu kuliko wengine, amejifunga kitenge cha kijani kilichopauka. Alikuwa na beseni kiunoni, anachota dagaa na kuwamwaga kwa mkono wa kushoto, wanatawanyika vizuri bila kurundikana. Dakika mbili zilipita hakuinua uso. Katika dakika ya tatu akanyooka, akashika mgongo, akatazama moja kwa moja kwenye kamera. Bila shaka alikuwa anashangaa kile kidude juu ya fimbo. Lakini aliyevaa miwani haoni kamera. Anaona mwanamke amesimama hatua chache mbele yake, anamtazama yeye machoni. Ilikuwa muda wa kuvuta pumzi mbili, kisha akainama tena.

Kesho yake tulimwita Irakoze, mimi na Severini, tukakaa naye nje ya darasa. Nilimwuliza ni nani yule. Akatazama chini. Severini akamwambia maneno kwa Kirundi, sikuyafahamu yote, ila nilisikia jina langu na nilisikia sauti yake ikiwa ya baba. Ndipo mtoto akasema.

"Ni mama. Ananitazama mara moja tu, halafu anainama. Mwalimu akinigeuza, namkosa."

Sikuwa na pa kuweka mikono yangu.

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Walipokimbia alikuwa na miaka sita. Walifika ufukweni mpakani pamoja na maelfu ya watu, wakalala mchangani siku nyingi wakingoja usafiri wa majini wa kwenda Kigoma, na watu walikuwa wanakufa kwa kuharisha. Asubuhi moja mama alikwenda kutafuta maji, na wakati huohuo majina yakaitwa, shangazi akampandisha mtoto kwenye boti. Hawakuonana tena. Nilimwuliza, kwa sauti ya chini kadiri nilivyoweza, anajuaje kwamba ni yeye, kwa kuwa miaka mitano ni mingi na mtoto mwenye kiu ya mama humwona mama kila mahali. Akasema mama yake anamwaga ndagala, ndivyo wanavyowaita dagaa kwao, kwa kushoto. Na kuhusu kukaa kimya, alisema mama yuko nje ya kambi bila karatasi, na mimi ni mtu wa serikali.

Mwalimu Severini alinivuta pembeni, akaniomba nisiende Kibirizi. Alitaka kumtafuta mwanamke wa kwao mwenye kibali, aende kama mnunuzi wa dagaa, akae, azungumze kidogokidogo. Ingechukua wiki tatu, labda nne. Nilimwambia nimeelewa. Kumbe sikuelewa. Mtu aliyekosea ana haraka ya kujisafisha, na mimi nilitaka Jumatatu niingie darasani na mama wa mtoto mfukoni.

Jumamosi ile nilivaa shati jeupe lilelile na viatu vya kufunga kamba, nikachukua kishikwambi chenye picha ya yule mwanamke, nikaingia Kibirizi asubuhi. Nilimwendea mama wa kwanza aliyekuwa anaanika nikamwonyesha picha. Nikamwuliza anamfahamu, anaitwa nani, anaishi wapi. Akasema hajui. Nikaenda kwa wa pili na maswali yaleyale matatu. Ninyi jipigieni picha hiyo, mwanamume wa makamo, shati la pasi, mashine mkononi yenye sura ya mtu, anauliza majina kwenye mwalo wenye watu wasio na karatasi. Kufikia mwanamke wa nne niliona mwishoni kabisa mwa uwanja beseni limeachwa limepinduka na dagaa wamemwagwa nusu. Hata hapo sikushtuka.

Wa mwisho kumwuliza alikuwa Bi Tatu, Mujiji mwenzangu, mama wa umbo na sauti, ambaye akina mama wote wa pale walimsikiliza. Alinitazama kuanzia kola mpaka viatu.

"Baba, kama ni yule, umeshamfukuza," alisema. "Boti ya kwenda Mwamgongo imeondoka naye sasa hivi."

Nikaanza kujieleza, kwamba mimi si askari wala mtu wa uhamiaji, ni mwalimu, na yuko mtoto wake kambini anamtafuta. Bi Tatu akaacha kuanika. Nilimwona akikunja uso kwa uchungu.

"Ungeanza na hilo," akasema.

Hiyo ndiyo kauli ambayo ningependa ichorwe juu ya mlango wa kila chuo cha ualimu. Nilikuwa na jambo moja jema la kumwambia mwanamke yule na nililiweka mwisho, baada ya maswali. Ndivyo nilivyofundisha miaka thelathini, maswali kwanza.

Niliporudi nilimweleza Irakoze ukweli wote. Nilifikiria kumdanganya, nikawa nimeshatunga hata uongo wenyewe, kwamba yule ni mama mwingine wa Mwandiga. Nilishindwa. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha uso wake ukafanya kitu ambacho sikukitegemea. Ulifurahi.

"Kama alikimbia, ni yeye," alisema. "Mwenye karatasi asingekimbia."

Akaniuliza kama zile ndagala ziliharibika. Nikamwambia wenzake walizianua. Akashukuru kwa kichwa, akaenda kucheza. Nilibaki pale nikiwaza kwamba mtoto amepata uthibitisho wa mama yake kutoka kwenye kosa langu, na bei yake ni kwamba mama mwenyewe hayupo tena. Wiki ile nilipeleka picha ya dakika ya tatu studio mjini, ile anayotazama mbele, wakaisafisha kwenye karatasi ngumu. Nilipompa Irakoze aliivalisha mfuko wa nailoni akaitia ndani ya daftari la Kiswahili. Huo ndio msaada pekee niliompa mtoto yule ambao haukuwa na madhara.

Tangu hapo nilikwenda Kibirizi kila Jumamosi niliyopata gari, kwa kandambili na shati la shambani. Nilikaa karibu na Bi Tatu, nikanunua dagaa, sikuuliza kitu. Nilinunua dagaa wengi mpaka mke wangu akauliza kama tunafungua duka. Nilijifunza kuanua kabla wingu halijafika na kuokota mawe madogo, na akina mama walinicheka mikono yangu laini. Baada ya miezi kadhaa Bi Tatu alikubali kupeleka neno. Kila boti iliyokwenda kaskazini, ya Mwamgongo na ya vijiji vya mbele yake, aliituma na maneno machache tu, kwamba Irakoze mtoto wa Rumonge yu hai, yuko kambini kwa shangazi yake. Hakuna maswali ndani yake. Bi Tatu aliyatunga mwenyewe, mimi nisingeweza.

Wakati huohuo mradi wa miwani ukafika mwisho. Watu wa shirika walikuja kuzichukua, nikazikabidhi nane, zile mbili zenye doa zikiwemo, na filamu zote zikafutwa kwenye vishikwambi. Watoto walirudi kwenye kitabu na mimi nikarudi kwenye ubao. Nililichora ziwa huku nimeupa ubao kisogo na hakuna aliyepiga makofi.

Halafu ukaja msimu wa kurudi Burundi. Watu walikuwa wanajiandikisha, mgao wa chakula umepungua, soko la kambini halina uhakika, na kila wiki mabasi yalikuwa yanapanga foleni. Shangazi yake Irakoze alijiandikisha na watoto wote waliokuwa kwenye karatasi yake. Nilimfuata nyumbani kwake, nikakaa kwenye kigoda chake, nikamwomba asubiri kidogo, neno limeshapelekwa. Alikuwa mwanamke aliyechoka, mwenye adabu. Aliniambia amemlea mtoto wa kaka yake kama wa tumbo lake na hana ubaya na mama yake.

"Lakini, mwalimu, nina watoto watano," alisema. "Siwezi kubaki hapa kwa ajili ya kivuli kilichoonekana kwenye mashine."

Hadi leo simlaumu. Asubuhi ya msafara nilikwenda uwanja wa mabasi. Irakoze alikuwa amekaa dirishani na daftari kifuani. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwomba radhi, maneno mazuri, lakini basi lilikuwa na kelele na watoto wa shangazi walikuwa wanalia, nikasema tu asome kwa bidii. Akaitikia kwa Kirundi, "Ego, mwalimu." Mabasi yakaondoka.

Mama yake alifika siku ya kumi na mbili baada ya hapo.

Neno la Bi Tatu lilimkuta katika kijiji cha mbali kaskazini, na mwanzoni hakuliamini. Miaka yote mitano alikuwa anajua kwamba mwanawe alikufa. Watu walimwambia palepale ufukweni, aliporudi na maji, kwamba yule mtoto wa nguo nyekundu ni miongoni mwa waliozikwa asubuhi. Ndiyo maana hakuwahi kutafuta kambi hata moja. Alipoamini aliacha alichokuwa nacho, akashuka kwa boti, akapanda magari, akatembea sehemu iliyobaki mpaka lango la kambi, akajitaja mwenyewe kwa walinzi kuwa ni mkimbizi asiye na karatasi na amekuja kumchukua mtoto wake. Mwalimu Severini ndiye aliyemleta kwangu, kwa kuwa yeye alishindwa kumwambia.

Nilimwambia mimi. Nilianza na jambo jema, kwamba mtoto yu hai, ana afya, anajua kusoma lugha tatu. Kisha nikamwambia lile lingine. Alikaa kwenye dawati la mbele, akatazama mikono yake. Aliniuliza ni basi la ngapi, kana kwamba likijulikana namba linaweza kuitwa. Alijiandikisha siku hiyohiyo, zamu yake ya msafara ikafika baada ya majuma mengi, akaondoka, na tangu hapo sijapata habari yoyote. Nchi ni kubwa kwa mtu anayemtafuta mtu, na shangazi alikuwa amesema hawarudi Rumonge, shamba lao lina watu wengine. Nimeuliza kwa kila njia ninayoijua. Sijui kama walionana.

Lakini ninachotaka mkijue ni kilichotokea darasani siku ile. Aliomba aonyeshwe mwanawe alikuwa anakaa wapi. Nikamwonyesha dawati. Akakaa pale. Akaniuliza kama nina picha yake.

Vijana wangu, mimi nilikuwa nimepiga filamu ya Kibirizi, bandari, soko la Ujiji, vilima vya Gombe kutoka majini, na barabara ya Mwandiga yenye mihogo kila upande. Tulikuwa na kamera ya Neema yenye macho pande zote kwa miaka mitatu. Sikuwahi kuisimamisha ndani ya darasa langu. Sikuona sababu, darasa nilikuwa naliona kila siku. Mtoto alikuwa ameondoka na picha ya mama yake, na mama amekuja mimi sina picha ya mtoto.

Nikamwambia sina.

"Basi niambie," akasema.

Nikafungua mdomo kumweleza sura ya Irakoze, na ndipo nikagundua kwamba siijui vizuri. Nilikuwa nimemtazama zaidi akiwa na miwani. Nilijua mdomo wake, kidevu, shingo. Macho yake nilipaswa kuyatafuta kwenye kumbukumbu na yalikuwa hayatulii. Nikasema ana kidevu kama chako. Akajishika kidevu. Nikasema ni mkimya, hamalizi wali wake kabla ya kuwapa wadogo, akisoma kwa sauti anafuata mstari kwa kidole. Nikaishiwa.

Akauliza amekuwa mrefu kiasi gani. Alimwacha wa miaka sita.

Nikasimama, nikanyoosha mkono. Niliusimamisha kiganja, vidole juu, kama mama yangu alivyonifundisha kumpima mtu, kwa kuwa kiganja kilicholazwa ni cha kupimia mbuzi. Niliuweka chini kidogo ya bega langu, nikafikiri, nikaupandisha kidogo. Mama Irakoze akainuka kwenye dawati, akaja, akasimama karibu na mkono ule. Aliutazama pale ulipokuwa, kisha akatazama chini yake mpaka sakafuni, mahali ambapo mtoto angekuwa amesimama. Mkono wangu ulianza kuchoka.

"Usiushushe kwanza, mwalimu," akasema.

Sikuushusha.